Maji ya Mikono

Weka chini ulichoshika kwanza, maana habari hii ukiisikia huku umebeba kitu utakiangusha. Mtaa wa Ndani una sheria mpya, na sheria yenyewe haikutoka kwa wanajeshi, wala kwa wale wanaouza majina ya jirani zao kwa kipande cha sabuni. Imetoka kwa mwalimu. Tena Mwalimu Shaame, yule ambaye akijikwaa kwenye kiti anakiomba kiti radhi.

Ila ukirukishwa mpaka hapo hutaelewa kitu, kwa hiyo tuanze na ukuta.

Ukuta ulijengwa vita vilipoanza, ukauzunguka mtaa mzima na watu wake, na tangu hapo unakua wenyewe kama kucha. Fundi hajawahi kuonekana. Watu wanalala, wakiamka umepanda, na jua lililokuwa likifika wakati wa chai sasa linafika wakati wa chakula, linaondoka watu hawajamaliza hata kulisalimia. Kwenye ukuta kuna lango moja tu, na langoni kuna mtu anaitwa Bwana Lango, na hakuna anayejua kama lango ndilo lililopewa jina lake au yeye ndiye aliyepewa la lango. Ana kipaza sauti. Saa zote zilikusanywa siku ya mwanzo, basi kila asubuhi anatangaza yeye leo ni siku gani. Kuna asubuhi alitangaza kwamba leo ni jana. Watu wakacheka, wakaenda kupanga foleni ya mkate, wakaambiwa mkate wa jana si mlishaula jana? Hapo kicheko kikaisha. Kuna Ijumaa ilikaa mpaka ikaota ukungu. Bi Sanura, anayepika pale shuleni, anasema yeye amezeeka kati ya Jumanne na Jumanne, na ukimwangalia huwezi kumbishia.

Shule yenyewe zamani lilikuwa duka la vioo. Vioo vilichukuliwa, zikabaki fremu tupu zimetundikwa ukutani, za dhahabu ya uongo, kubwa kwa ndogo. Watoto wakichana nywele asubuhi wanasimama mbele ya fremu na kutazama matofali. Mize, kibinti mwenye pengo la meno ya mbele, alikuwa anashikilia kwamba anajiona, tena anajiona mkubwa, na hereni. Mwalimu Shaame hakumsahihisha hata siku moja. Alisahihisha mengine yote, hilo hakuligusa.

Watoto hao walikuwa wake kwa sababu hawakuwa wa mtu mwingine. Mama zao walikwenda na homa ya mwanzo. Baba zao waliitwa kazini nje ya lango, wakatoka na majembe begani, wanataniana, mmoja akageuka akamwambia mwanawe asimalize chumvi. Hawakurudi. Na hapo ndipo ukaanza ule mchezo wa ajabu, ambao si mchezo: watoto wakaanza kumvika mwalimu baba zao. Huyu anasema baba yake alikuwa anakohoa hivi, kabla ya kuingia mlangoni, mara mbili, ya pili ndefu. Kesho yake mwalimu anakohoa hivyo. Mwingine anasema baba yake alikuwa akikaa anapiga goti kwa kidole. Basi kidole cha mwalimu kinaanza kupiga goti. Hakuwahi kuoa mtu huyu, hakuwahi kulea hata paka, na sasa mwilini mwake wanaume wanaingia na kutoka kama nyumba ya msiba. Akijikuta peke yake anajiuliza.

Ninapokohoa, anakohoa nani?

Wakirudi wenyewe, nitawarudishia vipi? Nitakivua vipi kikohozi?

Na kama hawarudi, mimi nimekuwa nani? Kaburi linalotembea? Linalofundisha?

Kwa maana alikuwa anafundisha kweli, jamani, na alichofundisha ndicho kilicholeta yote haya. Hesabu aliacha, kwa kuwa mle ndani hesabu ilibaki na kazi moja tu, kuhesabu watu. Kusoma aliacha vitabu vilipogeuka kuni. Akabakiwa na adabu. Alikuwa na falsafa yake: ukuta unaweza kukuchukulia mkate, unaweza kukuchukulia jua, unaweza kukuchukulia Alhamisi nzima usiione, lakini hauwezi kukuchukulia namna unavyopokea sahani kwa mikono miwili. Hilo ni lako. Ndani ya hilo, alikuwa akisema, hakuna lango. Ukimsikia akisema hivyo, mgongo umenyooka na shati limeisha kola, utaamini na wewe. Watoto waliamini.

Na adabu kubwa kuliko zote mtaani pale ni ya maji ya mikono. Mkubwa akikaa kula, mdogo anachukua kopo la maji na beseni, anapiga goti, mkubwa ananyoosha mikono, mdogo anamimina, anasema, "Nawa, baba." Wanasema mkono wa mkubwa hauning'inii. Mkubwa akishanyoosha mikono ikabaki hewani bila maji, ni aibu ya nyumba nzima, hata marehemu wanageuka makaburini. Na yule aliyemimina ndiye anayekula naye, ndiye anayeachiwa kipande cha mwisho. Mtoto akimnawisha mtu kila siku, watu hawaulizi tena alizaliwa wapi. Ni wake. Kila adhuhuri pale duka la vioo ilikuwa ni foleni ya watoto na kopo moja lililotoboka, na mwalimu mikono mbele, analoweshwa na watoto wote mpaka vidole vinakunjamana kama vya dobi, halafu ndiyo uji wa maganda ya viazi.

Sasa tangazo likaja. Bwana Lango alisema kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya mtu anayekuulizia hali ya mgonjwa, kwamba si vizuri mtoto kutengana na baba yake. Kwa hiyo kila mtoto atamfuata baba yake aliko.

Na kila mtu alijua waliko. Upepo ulikuwa ukigeuka unaleta habari zao puani.

Mwalimu Shaame akavaa shati lake, akakifunga kifungo cha juu ambacho hakipo, akasema anakwenda langoni. Bi Sanura alisimama mlangoni na upawa mkononi. Alimwambia, "Wewe hata kumtongoza mtu hujawahi, leo unakwenda kujitangaza baba wa kundi zima?" Mwalimu akamjibu kwamba ndiyo, anakwenda, na akamwomba asogee kidogo apite, tafadhali.

Bwana Lango alimpokea vizuri, hilo ndilo linalotisha. Alimpa kiti. Kila mtu anayemwona Bwana Lango anaona sura tofauti, na mwalimu aliona sura ya mkaguzi mmoja aliyemkagua zamani akiwa chuoni, mtu mwenye tabasamu dogo, ambaye alikuwa akikaa nyuma ya darasa na kutikisa kichwa, na wewe huelewi anakubali au anasikitika. Lakini akasema. Akasema watoto wale hawana baba nje ya lango, baba yao yuko ndani, ni yeye.

"Umewazaa?"

"Sikuwazaa. Wananinawisha."

Bwana Lango akaomba aelezwe. Na mwalimu, ukimwomba mwalimu akueleze kitu unategemea nini, akaeleza. Akaeleza kopo na beseni, akaeleza goti lipi linapigwa, akaeleza mkono wa mkubwa hauning'inii, akaeleza maneno yanayosemwa. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu maishani mwake. Kwenye kueleza akasahau kuogopa, hata akasimama akaonyesha. Bwana Lango alikuwa anatikisa kichwa. Mwisho akasema, "Mila nzuri. Sisi kwetu kila mtu ananawa bombani peke yake, kama farasi."

Halafu akachukua kipaza sauti, mwalimu akiwa palepale kwenye kiti, akatangazia mtaa mzima kwamba amejifunza jambo, na kuanzia leo mila ya wenyeji ndiyo sheria ya ukuta: mtoto ni wa yule aliyemnawisha, basi, na atakaa aliko huyo.

Ungesikia vigelegele. Wanawake waliopoteza sauti tangu homa walizipata. Watu walimbeba mwalimu begani kutoka langoni mpaka dukani, mtu mwepesi kama fagio, na watoto wakamnawisha mara ya pili siku ileile, kwa furaha tu, mpaka maji ya kunywa yakaisha. Usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyemshinda chui kwa kumsalimia. Alijiambia: nimewaonyesha. Nguvu yao ni bunduki, yetu ni kopo lililotoboka, na kopo limeshinda.

Maskini.

Adhuhuri iliyofuata, ambayo ilitangazwa kuwa Jumatano ingawa ilikuwa na joto la Jumapili, Bwana Lango alikuja kula. Hakuja na askari. Alikuja peke yake, akapiga hodi, akavua buti zake mlangoni, akaziweka sambamba. Miguu yake ndani ya soksi ilikuwa midogo kama ya mtoto. Akaketi mkekani. Akasifu fremu. Akamwambia Bi Sanura chakula kinanukia, na Bi Sanura, ambaye ana ulimi wa kumenyea muwa, akaendelea kukoroga uji.

Kisha Bwana Lango akanyoosha mikono mbele.

Kopo lilikuwa kwa Kombo siku ile. Kombo alikuwa mtoto mwenye akili ya kuchungulia, akiambiwa kitu anakigeuza nyuma kwanza. Akaiangalia ile mikono. Misafi, kucha zimekatwa. Akalishika kopo kwa nguvu, hakupiga goti. Mikono ikabaki hewani.

Hapa inabidi twende taratibu, kwa sababu kilichotokea ni kidogo kuliko kupepesa jicho na watu wanakosea wakikisimulia. Wanasema mtoto alisahau. Wanasema mtoto aliogopa. Si kweli. Kombo alijua, na alimgeukia mwalimu amsaidie kujua zaidi. Na mwalimu wakati ule alikuwa wapi? Alikuwa amekaa mbele ya mgeni ambaye mikono yake inaning'inia. Ndani ya nyumba yake. Hewa ikawa nzito, aibu ikampanda kutoka tumboni, aibu ya zamani, aliyorithishwa na bibi yake ambaye alirithishwa na bibi zake, aibu isiyouliza mgeni ni nani. Wanaume wote waliokuwa wakikaa mwilini mwake wakaona aibu pamoja naye, kikohozi kikaona aibu, kidole kikaacha kupiga goti. Sekunde chache zile zilikuwa ndefu kuliko ile Ijumaa. Akajisahau, au tuseme akajikumbuka kupita kiasi. Na akamtolea Kombo jicho. Unalijua lile jicho. Walimu wote wanalo, mama wote wanalo, ukitolewa mbele ya wageni mwili wako unanyanyuka kabla hujauliza kwa nini. Nyusi juu kidogo, kidevu mbele kidogo. Jicho lilisema: mimina.

Kombo akapiga goti. Akamimina.

"Nawa, baba," akasema, kwa kuwa maneno na maji vinakwenda pamoja.

Mwalimu aliisikia sauti ya maji kwenye beseni ndipo akajua amefanya nini. Na Bwana Lango hakurudisha mikono. Aliiacha palepale, mbele, inachuruzika, akatazama watoto wengine kwa lile tabasamu dogo. Watoto wakaangaliana. Mwenzao keshamimina, mwalimu hakukataza, mkono wa mkubwa hauning'inii. Wakajipanga. Walijua kujipanga vizuri sana. Mmoja baada ya mwingine, goti la kulia, kopo kwa mikono miwili, nawa, baba, nawa, baba, mpaka Mize wa mwisho, aliyeongeza kitu ambacho hakufundishwa, akamfuta mikono kwa pindo la gauni lake. Bi Sanura alikuwa ameuma upawa.

Bwana Lango alikula uji wote. Akasema, bila kuinua sauti, kwamba yeye anakaa nje ya lango, na sheria wanaijua.

Hapo mwalimu alijirusha. Alimnyang'anya Mize kopo, akapiga magoti yote mawili, akalielekeza kwenye ile mikono, matone ya mwisho, akasema nawa, baba, akarudia nawa, baba, mwanamume mzima mwenye mvi, ili na yeye awe mtoto, ili na yeye apelekwe wanakopelekwa. Bwana Lango akarudisha mikono, akaiweka mifukoni. Maji yakamwagika mkekani.

"Wewe mkubwa mno," akamwambia, kwa huruma kabisa. "Halafu ukienda, nani atanifundishia wengine? Watoto wenye adabu namna hii sijawahi kupata. Wale wa mtaa wa juu walikuwa wanauma."

Wakatoka. Hakuna aliyelia, na hilo mwalimu ndilo alilokuja kulisimulia zaidi, kwamba hakuna aliyelia, kwa sababu aliwafundisha mbele ya wageni hatulii. Kila mmoja alimbusu mkono. Faki, aliyekuwa mdogo na mwenye maswali, alirudi kutoka mlangoni kuuliza kama huko kwa baba mpya watavua viatu nje au ndani. Viatu hawana. Mwalimu Shaame akasema, "Nje, mwanangu. Mvue nje." Faki akashukuru.

Alasiri ile Bi Sanura alifunga madirisha yote kabla upepo haujageuka, akaziba na nyufa kwa matambara.

Kilichofuata huwezi kukiita kesho, kwa sababu asubuhi ilitangazwa kuwa ni juzi. Kwa hiyo watoto walikuwa hawajaondoka bado, ukifuata tangazo, na mwalimu alikaa mkekani akiwasubiri waingie. Ubaya wa matumaini mle ndani ni huo, yanatangazwa rasmi. Mlango ukafunguliwa kweli. Askari akasukuma ndani watoto wengine, wachafu, wa pande za mtaa ambako hakuna aliyebaki, akasema Bwana Lango anasalimia na anasema wafundishwe vizuri, atakuja kula.

Bi Sanura akamwangalia mwalimu kwa macho makavu. "Hongera," akamwambia. "Umezaa tena."

Mwalimu alikaa akitazama fremu tupu, na ndani ya fremu matofali, na kichwani maneno yanakuja vipande vipande, kama mtu anayetapika.

Nani alimimina? Jicho langu ndilo lililomimina.

Niliwapa kitu kisicho na lango ndani yake. Akaingilia hapohapo.

Baba ni nani? Ni yule anayenyoosha mikono na maji yakaja? Basi Bwana Lango ni baba kuliko mimi, kwake maji yanakuja hata pasipo kiu.

Mtoto ni wa yule aliyemnawisha, na atakaa aliko huyo. Ndiyo sheria, niliitunga kwa mdomo wangu.

Na asiyemnawisha mtu?

Akainuka. Akarudia ile ya mwisho kwa sauti, Bi Sanura akageuka. Asiyemnawisha mtu si wa mtu. Hana wa kumfuata. Sheria haina pa kumpeleka.

Miongoni mwa watoto wale alikuwapo mmoja, Siwema, aliyezaliwa ndani ya ukuta, hajui baba wala mama ni kitu gani, na alikuwa ameng'ata askari njiani. Lakini mtoto ni mtoto. Adhuhuri ilipofika alikuwa ameshauliza wenzake, ameshajua hapa wanataka nini, na anataka kubaki mahali penye uji. Mwalimu alipokaa tu, Siwema akaja na kopo, goti chini, goti si lenyewe, na akaangalia juu kwa uso ambao sitausema. Alisema, "Nawa, baba."

Nao mwili wa mwalimu uliitikia, kama mtu aliyekuwa haonji chumvi miezi. Mikono ilinyooka yenyewe. Akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, akairudisha.

"Hapana," akasema. "Mimi nikinyoosha mikono, wewe uniambie: nawa mwenyewe."

Siwema hakuelewa. Akafikiri amekosea goti, akabadilisha. Mwalimu akamwambia tena. Akanyoosha mikono, mtoto akamimina. Akampiga kofi mkononi, dogo, la kwanza kumpiga mtoto tangu azaliwe, kopo likaanguka. Bi Sanura akasema basi, mwalimu, inatosha, na mwalimu akamwambia ateke mengine. Akanyoosha tena. Alimtolea Siwema lilelile jicho, nyusi juu, kidevu mbele, jicho lenyewe kabisa bila kupunguza, kwa kuwa Bwana Lango hatapunguza. Mtoto akamimina, akapigwa. Wengine wamejibana ukutani chini ya fremu, wanamwangalia mtu huyu waliyeambiwa ni mpole. Kamasi zikamchuruzika Siwema, akasema anataka kuwa wake, anataka tu kuwa wake, kwa nini hamtaki, na mwalimu aliitikia kwa kunyoosha mikono na kutoa jicho. Tena. Na tena. Jua lilikuja likaondoka.

Mwishowe Siwema aliacha kulia. Uso ulifunga kama duka. Aliliweka kopo chini, akasimama wima juu ya ile mikono inayoning'inia, hakupiga goti, na macho yake ndani ya macho ya mwalimu hayakuwa na kitu chochote cha kumtafuta baba.

"Nawa mwenyewe," akasema, "mzee mchafu we."

"Mzee mchafu" hakufundishwa. Mwalimu Shaame alitikisa kichwa taratibu, akaishusha mikono, akamwambia aende akale na asimshukuru mtu. Halafu akamwita aliyefuata.